Mwongozo kamili wa kufuatilia protini za banako, kuanzia lava anayeogelea hadi aliyejigandisha

Ujumbe ninaoupata unafanana sana. Mtu amelea lava (watoto) wa banako, amewakusanya, ametoa protini na kuendesha jeli, yaani kuzipitisha kwa umeme ndani ya jeli ili zitengane kwa ukubwa na kuonekana kama bendi, kila sampuli kwenye mstari wake, lakini matokeo hayaeleweki. Mstari mmoja umefifia, mwingine umejaa protini za mwani, na marudio matatu yanaonekana kama wanyama watatu tofauti. Lawama zote huangushiwa jeli. Nikiuliza maswali mawili matatu, nagundua kosa lilitokea siku nyingi kabla, kwenye bika: lava wa hatua mbili au tatu walitiwa kwenye mrija mmoja na kupewa jina moja.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kulea, kutenganisha na kukusanya. Kazi ya jeli nimeigusa kwa kifupi, kwa kuwa hapo ndipo watu hukosea kidogo kuliko wanavyodhani.

## Mambo ya kujua kabla ya kuanza

Banako ni krasteshia, jamaa wa kaa na kamba, ingawa ukimkuta chini ya chombo amejifungia ndani ya magamba yake meupe unaweza kudhani ni aina ya kome. Hatua zilizo hapa zinamhusu *Amphibalanus amphitrite*, spishi ya maji ya joto inayotumika katika maabara nyingi kwa sababu lava wake hukua haraka.

Lava anapoanguliwa huitwa naupli. Ana hatua sita, na hujivua gamba kila anapotoka moja kuingia nyingine. Hatua ya kwanza hali chakula, nayo huisha ndani ya saa chache. Kuanzia ya pili hadi ya sita anakula mwani mdogo. Baada ya hapo anageuka sipridi, ambaye hali kabisa. Kazi yake ni kutafuta mahali pa kukaa maisha yake yote, kujigandisha hapo, na kugeuka banako mchanga.

Sipridi anaishi kwa akiba aliyoiweka alipokuwa naupli. Sehemu ya akiba hiyo ni matone ya mafuta, na sehemu nyingine ni protini moja iliyojaa mwilini mwake, inayofanana na protini ya kiini cha yai. Akiba hiyo inapungua siku hadi siku, awe amejigandisha au hajajigandisha. Usilisahau hili, maana ndilo linaloharibu ulinganisho wa watu wengi. Nitalirudia kwenye Hatua ya 5.

## Vifaa

Kwa ulezi:

- Banako wakubwa 50 hadi 100, wakiwa bado wameshikilia kipande cha jiwe, mti au plastiki waliyoota juu yake
- Maji ya bahari yaliyopitishwa kwenye chujio la mikromita 0.22, yenye chumvi gramu 30 hadi 35 kwa kila kilo ya maji
- Mwani hai wa jenasi *Skeletonema* au *Chaetoceros*, ukiwa bado unakua
- Bika za lita 1 au 2, na pampu ndogo ya hewa
- Vyujio vya wavu, kimoja chenye matundu ya mikromita 150 na kingine 250
- Taa ya mwanga isiyotoa joto
- Hadubini ya kukuza mara 10 hadi 40
- Inkubeta inayoshika joto bila kuyumba
- Sahani za petri za polistairini, mpya, na pipeti za mdomo mpana

Kwa protini:

- Nitrojeni ya kimiminika, na friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri
- Bafa (mchanganyiko wa kemikali) ya kuyeyushia protini: urea mola 7, thiourea mola 2, CHAPS (aina ya sabuni) asilimia 4, DTT (kemikali inayofungua vifungo vya salfa kwenye protini) asilimia 1, pamoja na vizuizi vya vimeng'enya vinavyokata protini
- Mashine ya kuvunja seli kwa mawimbi ya sauti
- Sentrifuji yenye baridi
- Asidi ya trikloroasetiki na asetoni baridi
- Vifaa vya kuendesha jeli na rangi ya kuipaka

Na daftari. Kila mrija uandikwe tarehe, saa, hatua ya lava, umri wake na idadi. Mrija ulioandikwa "sipridi" pekee, mimi huutupa.

## Hatua ya 1: Pata naupli waliotoka wakati mmoja

Wasugue banako kwa brashi laini ili kuondoa mwani na wadudu wengine. Waache nje ya maji usiku mmoja, kivulini, pasipo na upepo mkali. Asubuhi watie kwenye maji yaliyochujwa.

Kufanya hivyo kunaiga kupwa na kujaa kwa bahari. Banako mwenye mayai yaliyoiva, akipata maji baada ya kukauka, hufungua mlango wa gamba lake na kumwaga naupli. Zima taa za chumba, kisha elekeza taa ya mwanga kwenye pembe moja ya bika. Naupli hufuata nuru. Baada ya dakika chache utaona wingu la vumbi hai likicheza kwenye pembe ile, huku uchafu ukibaki chini. Wavute kwa pipeti, watie kwenye maji mapya, kisha rudia kwa nuru mara moja zaidi. Wanaochelewa kuja mara ya pili ni dhaifu, waache.

Kusanya kwa muda usiozidi saa mbili, halafu acha, hata kama bado wanatoka. Pengo la saa sita siku ya kwanza laweza kuwa pengo la hatua nzima siku ya nne. Tamaa ya kupata wengi hapa ndiyo mwanzo wa sampuli zilizochanganyika.

Dalili ya kufaulu: chini ya hadubini kila mmoja ana jicho moja jeusi katikati na pembe mbili ndogo upande wa mbele, na wote wanaogelea kwa kudundadunda.

## Hatua ya 2: Walee hadi naupli wa sita

Weka lava mmoja kwa kila mililita, wasizidi wawili. Mwani uwe kama seli 200,000 kwa mililita, na joto liwe kati ya nyuzi 25 na 28. Chagua nyuzi moja katika nafasi hiyo na ushikamane nayo kwa kazi yote, kwa sababu joto ndilo linaloamua kasi ya kukua. Hewa iingie polepole sana. Mapovu makubwa huwarusha lava juu ya maji wakakwama.

Badilisha maji kila baada ya siku mbili kwa kuwapitisha kwenye wavu uliozama nusu ndani ya maji. Usiwamwage juu ya wavu mkavu, watavunjika miguu.

Mwani uliozeeka ni adui asiyeonekana. Ukiwa umeanza kushikana mafundomafundo chini ya chupa, usiutumie. Lava watakula, lakini wataachana kwa kasi ya kukua, na siku ya nne utakuwa na hatua tatu ndani ya bika moja.

Dalili ya kufaulu: matumbo yamejaa rangi ya hudhurungi kila unapochungulia. Kwenye siku ya nne hivi, naupli wa sita anaonyesha macho matatu: lile la katikati, na mawili mapya pembeni yanayoanza kama vivuli viwili na kuwa meusi kabisa kabla hajageuka.

## Hatua ya 3: Watenge sipridi

Siku ya nne au ya tano bika itakuwa na watu wa namna mbili. Naupli ni wa pembetatu wenye miguu inayopiga maji. Sipridi, mwenye urefu wa nusu milimita hivi, ana umbo la punje nyembamba iliyofunikwa na gamba la pande mbili, naye huenda moja kwa moja kama mshale kisha hutulia.

Wapitishe kwenye wavu wa mikromita 250. Wengi wa sipridi watabaki juu. Naupli wakubwa nao hubaki, kwa hiyo wavu haumalizi kazi. Weka waliobaki kwenye sahani, kaa chini ya hadubini, uwatoe naupli mmoja mmoja kwa pipeti. Inachosha. Sijaona njia ya mkato inayoshinda jicho.

Gamba la sipridi halishiki maji. Akigusa uso wa maji ananaswa hapo, na hatazama tena mwenyewe. Mimina taratibu, pipeti isitoe mapovu, na wavu usitoke majini. Wale walionaswa usiwahesabu pamoja na wenzao. Wanapoteza nguvu kwa kuhangaika.

Andika siku hii kama siku 0. Kama hutaki kuendelea leo, waweke gizani kwenye nyuzi 4 hadi 6. Watatulia na wanaweza kusubiri siku chache. Ila jua kwamba sipridi wa siku 3 si sawa na wa siku 0: ametumia sehemu ya akiba, na mara nyingi huwa mwepesi zaidi kukubali mahali pa kukaa.

Dalili ya kufaulu: matone ya mafuta yanaonekana wazi, ya mviringo, upande wa mbele wa mwili. Sipridi aliye mwangavu na mtupu ni mzee au alilishwa vibaya.

## Hatua ya 4: Waache wajigandishe

Watie sipridi kwenye sahani mpya ya polistairini yenye maji yaliyochujwa, wapatao 20 kwa kila mililita, gizani, kwenye joto lile lile la ulezi. Baada ya saa 24 hadi 48 wengi watakuwa wameshajigandisha.

Chungulia mara moja moja kwa mwanga hafifu. Sipridi anatembea juu ya plastiki kwa vipapasio viwili, akishika kwa kimoja na kuachia kwa kingine, na kila anapoweka kipapasio huacha alama ya protini isiyoonekana kwa macho. Wenzake huitambua alama hiyo. Anasimama, anazunguka palepale, anaondoka, anarudi. Halafu ghafla haondoki tena. Kichwa kimeelekea chini, mwili umeinuka, na ukimpulizia maji kwa pipeti hatikisiki. Hapo ameshamwaga gundi.

Wapo wanaoharakisha kwa kutia maji yaliyotokana na banako wakubwa waliosagwa. Yanafanya kazi vizuri, kwa sababu yana glaikoprotini (protini iliyoshikamana na sukari) iitwayo SIPC, yenye vipande vya kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 98, 88 na 76, ambayo huwaita sipridi wakae karibu na wenzao. Lakini wewe unapima protini! Ukitia majimaji ya banako wakubwa, umemwaga protini za mtu mzima juu ya sampuli ya mtoto, na SIPC utakayoiona kwenye jeli hutajua ni ya nani. Kwa kazi hii, tumia plastiki safi na subira.

Dalili ya kufaulu: angalau nusu ya sipridi wamejigandisha ndani ya saa 48, na waliobaki bado wanaogelea. Unawahitaji hao pia.

## Hatua ya 5: Kusanya sampuli

Soma sehemu hii mara mbili kabla ya kushika pipeti. Makundi unayoyahitaji ni sita:

1. Naupli wa pili, ambaye hajalishwa kabisa
2. Naupli wa sita
3. Sipridi wa siku 0
4. Sipridi anayeogelea, mwenye umri uleule wa waliojigandisha
5. Aliyejigandisha lakini bado ana umbo la sipridi
6. Banako mchanga aliyekwisha kugeuka

Kundi la nne ndilo linalosahaulika. Ukilinganisha sipridi wa siku 0 na aliyejigandisha siku 2 baadaye, utaona ile protini ya akiba imepungua, na utaandika kwamba imepungua kwa sababu ya kujigandisha. Huenda imepungua kwa sababu siku mbili zimepita bila chakula. Anayeweza kukuambia ni mwenzake wa umri uleule ambaye bado anaogelea.

Kundi la tano na la sita hutenganishwa kwa jicho. Aliyejigandisha bado ana gamba la pande mbili na macho meusi ya pembeni. Anapogeuka, gamba lile hufunguka na kudondoka pamoja na macho hayo, na kinachobaki ni kitone cha mviringo kilichokaa bapa juu ya plastiki. Badiliko hilo huchukua saa chache tu, kwa hiyo chungulia kila saa mbili na uwavune kadiri wanavyofika.

Naupli wa sita lazima afunge kula kwanza. Waweke kwenye maji yasiyo na mwani kwa saa tatu hadi nne, kisha hakikisha kwa hadubini kwamba matumbo yamekuwa meupe. Nina sababu ya kusisitiza. Katika jeli zangu za mwanzo kulikuwa na bendi nzito karibu na kilodaltoni 55, kwa naupli peke yao. Niliifuata kwa wiki mbili nikiamini nimepata protini ya ukuaji. Ilikuwa rubisko, kimeng'enya cha mwani, kutoka matumboni mwao.

Sasa uvunaji wenyewe. Wanaoogelea, wapitishe kwenye wavu, wasuuze mara tatu kwa maji ya bahari yaliyochujwa, halafu mara moja, haraka, kwa maji yasiyo na chumvi. Chumvi ikibaki itakusumbua kwenye jeli, lakini wakikaa kwenye maji matamu zaidi ya sekunde chache seli zitapasuka na protini zitamwagika. Ondoa maji yote, hesabu, tia kwenye mrija, zamisha kwenye nitrojeni ya kimiminika. Kuanzia kutoka kwenye maji ya bahari hadi kuganda isipite dakika moja.

Waliojigandisha usiwakwangue kwa wembe. Ukikwangua, gundi inabaki kwenye plastiki na mwili unachanika. Suuza sahani ili wanaoogelea waondoke wote, kagua, kisha tia bafa ya kuyeyushia moja kwa moja juu ya wale walioshikamana, wavunje humo humo kwa kijiti cha plastiki, na uvute majimaji. Hata hivyo gundi iliyokwisha kukomaa haiyeyuki kirahisi kwenye urea. Usipoiona kwenye jeli, usiseme haipo.

Njia mbili tofauti za kuvuna ni tatizo lenyewe. Kwa hiyo kundi la nne livune pia kwa njia ya sahani: watie kwenye sahani mpya, vuta maji, tia bafa hapo hapo. Makundi ya nne na ya tano yawe yamepitia mikono ileile.

Tahadhari: nitrojeni ya kimiminika huunguza ngozi, na ikivukia kwenye chumba kilichofungwa hufukuza hewa ya kupumua. Glavu za baridi, miwani, madirisha wazi.

Dalili ya kufaulu: ukichukua lava 50 kutoka kundi lolote kabla ya kugandisha, wasiopungua 48 ni wa hatua iliyoandikwa kwenye mrija. Chini ya hapo, anza upya.

Rudia kazi yote, kuanzia Hatua ya 1, kwa wazazi wengine, angalau mara tatu. Kuendesha mrija mmoja mara tatu kwenye jeli kunapima mkono wako, hakupimi banako.

## Hatua ya 6: Toa protini

Kila kitu kiwe juu ya barafu. Tia bafa, vunja kwa mawimbi ya sauti kwa vipindi vya sekunde chache, ukipumzisha kati ya kimoja na kingine. Mrija ukipata joto mkononi, umezidisha. Urea ikipita nyuzi 37 huanza kujishikiza kwenye protini na kubadili chaji zake, na kwenye jeli ya pande mbili, inayotenga protini kwa chaji kisha kwa ukubwa, doa moja litageuka mlolongo wa madoa.

Zungusha kwenye sentrifuji kwa g 15,000 (mara 15,000 ya mvutano wa dunia) kwa dakika 20 kwenye nyuzi 4. Chukua majimaji ya juu. Zifanye protini zishikane na kuzama kwa asidi ya trikloroasetiki na asetoni, suuza kwa asetoni baridi, kisha yeyusha upya kwenye bafa ileile. Hii huondoa chumvi na mafuta, na sipridi ana mafuta mengi. Asidi hiyo huunguza vibaya, vaa glavu na miwani.

Dalili ya kufaulu: majimaji ni angavu, na yakitikiswa hayanati.

## Hatua ya 7: Pima kiasi

Njia ya Bradford, inayopima protini kwa badiliko la rangi, inafaa kwa bafa hii ikiwa imezimuliwa. Njia ya BCA, nayo ya rangi, huvurugwa na DTT, na Bradford yenyewe huvurugwa na SDS (sabuni nyingine ya maabara), kwa hiyo usibadili njia bila kubadili bafa. Protini za kulinganishia ziyeyushwe kwenye bafa ileile ya sampuli.

Kabla ya kazi kubwa, fanya jaribio dogo: hesabu sipridi 500, toa protini, pima. Namba utakayoipata itakuambia unahitaji lava wangapi kwa kila jeli. Wengi hugundua wanahitaji maelfu, na ni heri kugundua hivyo sasa kuliko baada ya mwezi wa ulezi.

## Hatua ya 8: Endesha jeli na uisome

Anza na jeli ya kawaida ya asilimia 12, kiasi sawa cha protini kwenye kila mstari, kabla ya kwenda kwenye jeli ya pande mbili. Akrilamaidi ambayo haijaganda ni sumu ya mishipa ya fahamu, isiguse ngozi.

Tazama mambo haya kwa mpangilio. Marudio matatu ya kundi moja yanafanana? Kama hayafanani, usilinganishe makundi. Rudi kwenye daftari uone ni bika gani ilichelewa. Bendi ya mwani haipo kwa naupli wa sita? Protini ya akiba ni nzito kwa sipridi wa siku 0 na imefifia kwa banako mchanga? Haya yakikaa sawa, sampuli zako ni nzima, na sasa unaweza kuuliza swali lako mwenyewe.

Swali hilo liulize kwa kulinganisha kundi la nne na la tano kwanza, kabla ya mengine yote. Tofauti kati ya naupli na sipridi ni kubwa na zitakuvutia, maana mwili mzima umejengwa upya. Lakini protini inayotofautiana kati ya ndugu wawili wa umri mmoja, mmoja akiogelea na mwingine ameshashika, hiyo ndiyo inayohusu kujigandisha. Doa likitofautiana hivyo kwa wazazi wote watatu, likate, lipeleke kwenye spektromita ya masi (mashine inayotambua protini kwa uzito wa vipande vyake), na nusu ya pili ya kila mrija ibaki kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri hadi majibu yarudi.

Kabla ya kumwaga maji ya bika, yachemshe au uyatie klorini. Spishi hii imeshasambaa mbali kwa kushikilia meli, na lava mmoja aliye hai kwenye mfereji anaweza kufika baharini.